Makala za Watu Katika Zizi la Daktari Abdikarim

Nina hasira za karibu, na sifichi. Mtu akinirudishia kitabu kikiwa na doa la chai, chuo kizima husikia. Jina langu ni Kathure, mtoto wa Meru, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mkutubi hapa Garissa. Nililetwa na barua ya ajira, nikabakishwa na maziwa ya ngamia. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Daktari Abdikarim Gelle Khalif, mhadhiri wa mambo ya maziwa, na nimo ndani yake kwa sababu moja tu: mimi ndiye niliyeivuruga.

Ukimwona Daktari utadhani ni karani wa duka la nyaya. Ni mrefu, mwembamba, viatu vya wazi mwaka mzima, na kwenye mfuko wa shati kalamu tatu, mbili kati ya hizo hazina wino na hajui ni zipi. Darasani anaongea polepole hadi wanafunzi wa nyuma wanasinzia, kisha wanapita mtihani wote. Nje ya chuo hakuna anayemwita Daktari. Sokoni anaitwa Aanoole, yaani mwenye maziwa, kwa sababu alipokuwa mdogo hapakuwa na kibuyu cha jirani ambacho hakukiinamisha kinywani mwake. Kila mwanamume wa hapa ana jina la namna hiyo. Bila hilo, ukiita “Abdikarim!” kwenye soko la mifugo watageuka watu sita na mmoja atakuuzia mbuzi. Lakini chuoni alilipiga marufuku. “Hapa ni kazini, abaayo,” aliniambia siku niliyojaribu kulitumia. Abaayo ni dada, na yeye huniita hivyo hata anapokuwa amekasirika, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka.

Kazi yake ni kuzunguka. Hubeba sanduku la barafu, kipimajoto na daftari, akaenda Kotile au kokote wafugaji walikohamia, akawauliza kwa nini maziwa ya huyu yamekaa siku tatu na ya yule yameharibika jioni ile ile. Akirudi hupima, huandika, hutuma makala kwenye majarida ya wataalamu. Na katika ulimwengu wao makala ikichapishwa haijafika. Inangoja kutajwa. Mtafiti mwingine huko aliko, awe India au Sudan, lazima aandike kwamba jambo hili limeonyeshwa na Abdikarim, na hapo Abdikarim anahesabiwa mara moja. Anayetajwa sana ni mkubwa. Asiyetajwa ni kama mtu aliyeimba akiwa kisimani.

Mwaka jana chuo kilitoa kanuni mpya ya kupandisha vyeo, na sisi tukaibatiza saba kwa saba. Ukitaka kuwa mhadhiri mwandamizi, uwe na makala saba, na kila moja iwe imetajwa angalau mara saba. Daktari alikuwa mhadhiri wa kawaida kwa miaka kumi na mmoja. Wanafunzi aliowafundisha kushika kipimajoto walikuwa wamemruka na kuwa wakubwa wake. Ana watoto wanne wanaolala chumba kimoja kwenye nyumba ya chuo, na nyumba kubwa ni ya mwandamizi. Yeye hakulalamika. Nililalamika mimi, kwa niaba yake, kila mahali.

Asubuhi moja ya Jumanne alikuja dirishani kwangu na sanduku lake la barafu.

“Abaayo Kathure, mimi naenda Kotile. Kamati inakaa Jumatatu, na faili inatakiwa Ijumaa. Nihesabie makala zangu kwenye ule mfumo wako wa kuhesabu kutajwa. Kwa hesabu yangu nina sita zilizofika. Pengine wewe utaona moja ambayo mimi sijaiona.”

“Na ile ya mama je?”

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa kidonda. “Ile ilikufa. Usihangaike nayo.”

Ile ya mama inajulikana na kila mtu anayenunua maziwa kwa Timiro. Timiro ni mama yake, muuza maziwa, mama mfupi mwenye sauti ya kusimamisha lori. Makala ya kwanza kabisa ya mwanawe, alipokuwa bado mwanafunzi Nairobi, ilikuwa juu ya kazi ya mikono ya mama huyo: jinsi anavyofukiza dhiil, kile chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kwa moshi wa mti maalumu uitwao mareer, maziwa yakakaa bila kuharibika. Alimwahidi kwamba mwishoni mwa makala ataliandika jina lake. Jarida dogo la ng’ambo likaikubali. Kisha jarida likauzwa kwa wenyewe wengine, ukurasa wake ukatoweka, barua zikawa hazijibiwi, na miaka kumi na miwili ikapita. Timiro hakuacha kuuliza. Hata mimi, nikienda kununua lita yangu, huniuliza: “Wewe si unakaa na karatasi yote? Ile iko na jina yangu iko wabi?” Nikikosa jibu hunipunguzia kipimo.

Basi Daktari akaenda Kotile, mahali ambapo simu yake hugeuka tochi, na mimi nikaketi kwenye kompyuta. Nikaandika majina yake matatu, lake, la baba na la babu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kwetu Meru majina matatu yanamtosha mtu hadi kaburini.

Mfumo ukaniletea makala thelathini na nane.

Nilishika kichwa. Makala kumi na moja za maziwa, ndiyo, hizo nilizijua. Lakini kulikuwa na kumi na nne za meno! Mizizi ya meno, ufizi wa wazee, watoto wanaokula peremende. Kulikuwa na tisa za saruji na namna inavyopasuka kwenye madaraja. Nne zilikuwa za popo. Na zote juu yake zimeandikwa Abdikarim Gelle Khalif, zimetajwa huku na huko duniani mara elfu moja na zaidi. Ile kanuni ya saba kwa saba alikuwa ameivuka hadi kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Mtu mwenye akili angejiuliza mhadhiri wa Garissa alikutana wapi na ufizi wa wazee. Mimi nilijiambia: kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikakumbuka zile safari zake ndefu, ule unyenyekevu wake, na nikaona mambo yote yanaingiana. Tena nilipandwa na hasira, nikifikiria waliomdharau miaka yote hiyo. Simu yake haikupatikana. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho. Nikapiga chapa orodha nzima, nikaitia kwenye faili, nikaipeleka ofisi kuu nikitembea katikati ya njia. Halafu, kwa kuwa mdomo wangu hauna mlango, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: Daktari wetu ametajwa duniani mara elfu moja na sitini na mbili, na wengine humu bado mnamwomba awaletee chai.

Jumamosi asubuhi bango lilikuwa limetundikwa langoni. Picha ya Daktari, iliyokatwa kutoka kwenye sherehe ya mtu mwingine, na maandishi makubwa: HONGERA FAHARI YETU, MTAFITI WA NYANJA NNE. Habari ikavuka barabara ikaingia soko la maziwa, na Timiro akagawa maziwa bure hadi saa nne. Niliyaona kwa macho yangu. Nilikunywa vikombe viwili.

Daktari alirudi jioni hiyo hiyo kwenye gari la mizigo, vumbi hadi kwenye kope. Langoni bawabu alimpigia saluti. Mwalimu wa michezo alimkumbatia. Mama mmoja wa jikoni akamwonyesha jino lake la nyuma na kumwuliza kama ling’olewe. Alifika maktaba akiwa ameduwaa, na mimi nikamkabidhi nakala ya orodha kwa mikono miwili, kama zawadi ya harusi.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye meno alianza kucheka. “Wallahi, Kathure, mimi nina jino limeniuma miezi minne na nimemkimbia daktari!” Alipofika kwenye saruji alicheka zaidi. Kwenye popo alivuta kiti, akakaa, na kicheko kikaisha.

“Hii ilienda wapi?”

“Kwa kamati. Jana.”

“Hawa ni watu wanne, abaayo. Jina moja, watu wanne.”

Nilihisi uso unanishuka hadi miguuni. Kichwani nikayaona yote kwa mpigo: kamati ikigundua, itasema ameiba kazi za watu. Mtu asiyewahi kuchukua hata kalamu ya ofisi ataitwa mwizi, na mimi ndiye niliyemvika kilemba cha ukoka na kumpigia vigelegele juu. Nililia, nisiseme uongo. Halafu, kwa kuwa aibu ina akili zake mbaya, nikafuta machozi nikamwambia, “Nyamaza tu. Si wewe uliyesema, ni mashine. Chukua cheo, ingia kwenye nyumba, baadaye tutasahihisha polepole.”

Najua alifikiria, kwa sababu alitazama dirishani kuelekea nyumba za waandamizi, zile zenye varanda, na akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa na haki ya kutazama. Kisha akaniuliza kama najua baadi ni nini.

Sikujua.

“Ni mnyama aliyepotea akaingia kwenye zizi la mtu mwingine. Ngamia wetu wa ukoo mmoja wana chapa moja shingoni, kwa hiyo huwezi kusema kwa kuitazama chapa. Asubuhi unaamka, una ngamia mmoja zaidi. Humfukuzi, fisi watamla. Lakini husemi ni wako. Unamtunza, na ukienda kisimani unatangaza: ninaye jike, wa rangi fulani. Alama moja unaiacha moyoni. Anayekuja kudai aitaje hiyo. Akiitaja, anamchukua.” Akakunja ile orodha. “Baba yangu alipoteza ngamia karibu na Diff. Baada ya miaka miwili, mtu asiyemjua akamtangaza soko la Griftu, siku nyingi za njia kutoka pale. Baba akaenda, akataja kovu lililo chini ya goti, akarudishiwa ngamia wake pamoja na ndama aliyezaliwa huko. Yule mtu angenyamaza, nani angejua? Chapa ni moja. Mimi nimekunywa maziwa ya ngamia yule, Kathure. Sasa nitanyamaza vipi?”

Niliichukua ile orodha, nikaanza kupiga mstari kwenye zisizo zake.

Jumatatu kamati ilikaa. Mwenyekiti ni Profesa Katunge, mama wa Kitui ambaye miwani yake huning’inia kwenye kamba, na akiivaa watu hukaa wima. Mimi niliitwa kama shahidi wa faili. Kabla Profesa hajafungua mdomo, Daktari alisimama.

“Profesa, kabla hamjaanza, naomba kupunguza. Hapo kuna makala thelathini na nane. Zangu ni kumi na moja. Ishirini na saba ni za watu wengine watatu wenye jina langu. Zimeingia kwangu kwa kosa, na nitazirudisha kwa wenyewe.”

“Kosa ni langu!” nikaropoka, nikasimama pia, ingawa hakuna aliyeniuliza. “Yeye alikuwa Kotile. Mimi ndiye niliyezipeleka bila kumwuliza. Nilidhani majina matatu yanatosha.”

Profesa Katunge alivaa miwani. Akafungua faili, akatugeuzia ukurasa. Zile makala za popo alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu zote nne.

“Nilikuwa nangoja kumwuliza kuhusu hawa popo,” alisema. “Na nilikuwa na maswali makali sana. Daktari, nimekaa kwenye kamati hizi miaka kumi na mitano. Watu huja kuongeza. Wa kuja kupunguza sijawahi kumwona.” Akavua miwani. “Lakini kanuni ni saba, na sasa una sita. Siwezi kukupa moja kwa sababu ya tabia njema. Kikao kingine ni baada ya miezi mitatu. Na wewe, Kathure, kalishushe lile bango.”

Nikalishusha mwenyewe, juu ya ngazi, nikitazamwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walipiga makofi. Wengine bado hawajanisamehe kwa sababu ya faini za vitabu.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Timiro. Daktari alienda, nami nikamfuata kwa sababu dhambi ilikuwa ya pamoja. Alimweleza kwa Kisomali, taratibu, huku mama akimimina maziwa ya wateja bila kutikisika. Alipomaliza, mama akamtazama, akasema neno moja, kisha akanigeukia mimi.

“Yeye amefanya fizuri. Hata baba yake ingefanya hivyo. Lakini wewe Kathure, maziwa yangu ya Jumamosi nani atarudisha?”

Nililipa kwa kumsugulia vyombo vyake Jumamosi tatu mfululizo. Si mzaha. Kufukiza sikuruhusiwa, maana alisema mikono yangu ina haraka.

Miezi hiyo mitatu Daktari alitangaza baadi yake. Tulikaa maktaba saa za chakula, tukawatafuta wale watu watatu mmoja mmoja. Kwa kila mmoja aliandika barua inayoanza: Ndugu yangu wa jina moja, wanyama wako wameingia kwangu. Kisha tukawaandikia wenye mfumo wazitenganishe. Mtu wa saruji alikuwa Kuala Lumpur, akajibu kwa neno moja, asante, bila hata nukta. Mtu wa popo alikuwa Cardiff, akatuma picha ya popo amelala kiganjani mwake na salamu ndefu kwa watu wote wa Garissa. Picha hiyo nimeibandika juu ya meza yangu. Mtu wa meno alikuwa Bergen, huko Norwei, na hakujibu.

Wiki ya tano, wiki ya sita, kimya. Saba zetu zilikuwa bado sita. Nilimpigia Daktari hesabu kila asubuhi kuona kama makala yake ya saba, iliyokuwa imetajwa mara nne, imepata wa tano. Ilipata wa tano. Haikupata wa sita. Nikaanza kuwachukia watafiti wa dunia nzima kwa uvivu wao wa kusoma.

Siku kumi kabla ya kikao, saa nane mchana, jua limetuliza hata kunguru, simu ya Daktari ikalia kwenye meza yangu. Namba ndefu ya nje. Akaiweka wazi nisikie, ingawa ilikuwa Kisomali mtupu na mimi Kisomali changu kinaishia sokoni. Maneno alinitafsiria baadaye. Uso wake nilijisomea mwenyewe.

Sauti ya mtu mzima, mchangamfu, ikasema: “Abdikarim, mimi ni Abdikarim. Samahani, nilikuwa safarini. Barua yako nimeisoma mara tatu. Wanyama wangu kumi na wanne nimewaona wamerudi. Sasa sikiliza. Mimi pia kwangu kuna mmoja ambaye si wangu. Yuko zizini kwangu miaka mingi. Mara mbili nimewaandikia wenye mfumo wamtoe, hawakujibu, nikaacha, na nimekuwa nikiona haya. Haihusu meno. Sitakuambia inahusu nini. Nitajie alama.”

Daktari alishika ukingo wa meza. Kalamu moja ikaanguka kutoka mfukoni, hakuiokota.

“Ni ya vyombo vya maziwa,” akasema.

“Wengi wanaandika juu ya maziwa. Alama.”

“Mwisho kabisa,” Daktari akasema, na sauti yake ikapungua, “kuna mstari mmoja peke yake. Namshukuru mama yangu, Timiro binti Abdilatif, muuza maziwa wa Garissa, aliyenifundisha kwamba moshi wa mareer...”

“...ndio unaolinda maziwa, na kwamba haraka huyaharibu,” ile sauti ikamalizia kutoka Bergen. “Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko makala zangu. Chukua ngamia wako, ndugu yangu. Na nihesabie vizuri: amezaa. Ametajwa mara tisini na nne.”

Daktari aliinamisha paji la uso kwenye meza yangu ya kurudishia vitabu, na sikujua analia au anacheka. Mimi nilijua ninalia. Jarida lilikuwa halijafa. Wenyewe wapya walikuwa wameliamsha kimyakimya, wakazigawa makala za zamani kwa majina yaliyofupishwa kuwa herufi, na ile yetu ikamwangukia daktari wa meno; ndiyo maana sikuiona nilipotafuta majina matatu kamili.

Kikao cha pili kilichukua dakika tisa. Profesa Katunge aliisoma makala ya mama tangu mwanzo hadi mwisho huku tukimngoja, akauliza mareer unapatikana wapi, akaandika jibu kwenye daftari lake mwenyewe, kisha akasema, “Saba. Hongera, Mwandamizi.” Nilipiga kigelegele cha Kimeru, na safari hii hakuna aliyeniambia nishushe chochote. Tangu siku hiyo, kila makala anayotuma Daktari ina majina manne. La nne ni Aanoole, kwa wino, mbele ya wataalamu wa dunia, na chuoni sasa ameturuhusu wote tumwite hivyo.

Bado deni moja. Jumamosi nilichapa makala ile kwenye karatasi nzuri, nikaipeleka sokoni, na Daktari akanifuata amebeba kiti chake mwenyewe. Timiro alifuta mikono kwenye garbasaar yake, lile shuka la kichwani, mara mbili. Nilimshika kidole cha shahada nikakiweka kwenye mstari wa mwisho.

“Hapa, hooyo,” nikamwambia, yaani mama. “Timiro binti Abdilatif.”

Alikiacha kidole pale. Wateja walingoja. Mmoja alianza kulalamika, akaangaliwa, akanyamaza.

“Miaka kumi na mbili,” akasema. Kisha: “Na hiyo watu tisini na nne? Wanasema nini juu yangu?”

Nilikuwa nimekuja na orodha, maana nimejifunza kuhakikisha. Nikamsomea. Wa Sudan amesema moshi wa mareer unaua vijidudu, kama ilivyoonyeshwa Garissa. Wa Mongolia amejaribu kwa maziwa ya farasi. Wa Ethiopia, wa Kazakhstan, wa Isiolo hapa hapa. Kwa kila mmoja Timiro alitikisa kichwa kama mtu anayepokea salamu za ndugu, na Daktari akawa anatazama chini, akitabasamu kwenye vidole vyake vya miguu. Nikafika namba arobaini na moja, mtafiti mmoja wa Rajasthan, aliyeandika kwamba kwa mujibu wa utafiti wa Garissa, chombo hufukizwa kwa mti wa kullan.

Kidole kikatoka kwenye karatasi.

“Nani amesema kullan?”

“Huyu wa India, hooyo.”

“Kullan?” Sauti ile ya kusimamisha lori ikapanda, na soko zima likageuka. “Mimi nilisema mareer! Kullan inatia maziwa uchungu! Watu wa huko watakunywa maziwa chungu na watasema ni Timiro! Aanoole, wewe ulisoma kwa nini? Huyu mtu ako na simu?”

“Ana barua pepe, hooyo,” Daktari Mwandamizi akajibu kwa adabu.

“Basi Kathure aandike. Sasa hivi. Bole bole, bila haraka.”

Nikavuta kiti cha Daktari nikakaa katikati ya madebe. Nikamwomba kalamu, akanipa ya kwanza, haina wino. Akanipa ya pili, haina wino. Ya tatu iliandika.